Kiwele Kimejaa

...kwa sababu kiwele hakijui msiba, kikijaa kimejaa, na mjane aliyemzika mumewe jana amechuchumaa leo asubuhi ubavuni mwa ng'ombe yuleyule aliyemuua, ndoo katikati ya magoti, vidole vinavuta, vinaachia, wala havitetemeki, angalau vingetetemeka kidogo, watu wanamtazama macho yake makavu wanasema huyu mama moyo wake jiwe, haya, semeni, hata yeye anajishangaa, amekufa ganzi mwili mzima... na huko ndani wanawake wanakunywa chai, "Chai ya hapa nzito jamani," wanasifu, hakuna aliyeuliza maziwa ya jana jioni yalitoka kwa nani, naye hakuwaambia, waache wanywe... shemeji yake, mdogo wa marehemu, amesimama mlangoni mwa banda na kamba mkononi, anasema, "Shemeji, mwenye bucha yuko getini, huyu muuaji tunamtoa leo," muuaji, neno kubwa hilo kwa mnyama anayemlamba ndama wake masikio, mchinjeni, msimchinje, kwake yote sawa, siku ile ndama alikuwa bado mchanga, mume akaingia kati yao amfunge, mama mtu akambana ukutani kwa kichwa, akatoka ameshika mbavu, anacheka, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kanitia adabu leo," anacheka huku ameuma meno, naye akamwambia, Baba Watoto, uso umekupauka, twende hospitali...

"Shemeji, unanisikia? Mtu anangoja."

"Ngoja nimalize," anajibu, na vidole vinaganda kwenye chuchu, maana maneno hayo ni ya mumewe, hivyohivyo alivyomjibu, ngoja nimalize, ng'ombe haachwi nusu, kiwele kitavimba, akachuchumaa papa hapa na mbavu zake zilizovunjika, akakamua mpaka tone la mwisho, huku damu inamvujia kwa ndani kimyakimya, na daktari baadaye akasema mngewahi kidogo, kidogo tu... kumbe kichwa cha ng'ombe kilianza, ndoo ndiyo iliyomuua, muuaji unayemtafuta, shemeji, tulimzika jana na sanda yake, na kitu cha moto kinampanda kifuani, ni hasira, anaitambua, wala haimhusu ng'ombe, mbishi wewe, mwanamume mjinga wewe, ulivyokuwa ukijigamba kwamba huyu hashushi maziwa kwa mkono mwingine ila wako, mbona tangu ufe ananipa mimi, hebu tazama, ananipa... shemeji bado yuko mlangoni na kamba yake, mwenye bucha bado yuko getini, vidole vimerudi kuvuta na sasa vinatetemeka, maziwa mengine yanamwagika nje ya ndoo, ungeniachia mimi, Baba Watoto, ungekwenda zako hospitali, ningekumalizia mimi.