Koti la Miaka Sitini

Mzee Chaki alitimiza miaka sitini siku ya Jumamosi, na nyumba yake ilijaa watu wenye furaha kumzidi. Hilo halikuwa gumu, maana yeye mwenyewe hakuwa nayo hata chembe. Alikaa kwenye kochi la sebuleni akipokea pongezi kama apokeavyo nguo za wateja: anazitazama, anashukuru, anaziweka kando.

Si kwamba alikuwa na huzuni. Huzuni angeitambua, walikwisha kukutana. Hii ilikuwa ganzi, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila safari hii ilimshika mwili mzima. Ilianza siku daktari alipomwambia kwamba tumboni mna uvimbe, wa aina mbaya, na matibabu yaanze Jumatatu hii inayokuja. "Uje na mtu wa nyumbani," daktari alisema. "Usije peke yako, mzee." Mzee Chaki akaitikia, akatoka, akapita kununua nyuzi, akaenda kazini.

Hakumwambia mtu. Alijipa sababu kwamba sherehe ipite kwanza. Lakini kama mtu angembana kweli, angekiri kwamba hata hiyo Jumatatu hakuwa na nia ya kwenda. Hakuona kinachomsukuma aende wala kinachomzuia, na mtu wa namna hiyo hubaki alipokaa.

Utauliza, na ni haki yako: mke alikuwa wapi? Mtu apungue mwili miezi kadhaa, mwenzake wa kitanda kimoja asione? Basi sikiliza. Mume na mke wote mafundi, duka moja, cherehani mbili zinatazamana. Watu hao wakikuangalia hawaoni mwili, wanaona nguo. Suruali ilipoanza kulegea kiunoni, Mzee Chaki alingoja mkewe aende sokoni, akaifumua, akaipunguza, akaipiga pasi, akaivaa. Mashati vivyo hivyo. Kila asubuhi mkewe akamwona ndani ya nguo iliyomkaa sawasawa, na kwa fundi, nguo ikikaa sawasawa mwenye nguo hana neno. Muuza nyanya angeligundua siku ya pili. Usiku je? Usiku walikuwa wamechoka, na taa imezimwa.

Basi sherehe ilikuwa imepamba moto. Rafiki yake Kinyozi, ambaye saluni yake imepakana na duka lao, alikuwa amesimama katikati ya sebule na soda mkononi, kazi yake ikiwa ile ile ya siku zote, kumsumbua mwenye nyumba.

"Sitini si mchezo," Kinyozi alisema. "Huyu chumvi ameila mpaka imekwisha dukani. Sisi wengine tunakula chakula chapwa kwa ajili yake."

Watu wakacheka. Mzee Chaki akatabasamu kwa sababu midomo ilijua njia.

Binti yake mkubwa akaja na bahasha kubwa ya karatasi ya kufungia zawadi, akamwekea mapajani. Ndani mlikuwa na koti jeusi la suti, la kitambaa kizito, bitana yake imelala bila hata mkunjo mmoja. Aliupitisha ukucha kwenye mshono wa kola. Kazi ilikuwa nzuri mno. Alijua ni ya nani kabla hajainua macho.

"Nimelishona kwa jirani, kwa siri," mkewe alisema, mikono kiunoni, uso umemng'aa. "Na msiniulize nimempima lini. Sikumpima. Miaka thelathini na tano naye, nimpime nini? Mwili wake ninao kichwani."

"Vaa, baba," binti akasema.

Akasimama, akavaa. Mabega ya koti yakapita mabega yake, yakainama pembeni. Kifuani pakabaki nafasi ya kuingiza mto. Alipofunga kifungo, koti lilizunguka likabaki limesimama peke yake, na yeye yumo ndani kama kijiti.

"Shemeji," Kinyozi akasema, "umemshonea yeye au umelishonea kabati?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha mapenzi, hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mkewe peke yake hakucheka. Alizunguka nyuma, akakishika kitambaa pale mgongoni, na kikamjaa mkononi. Akakiachia. Akakishika tena.

"Nimekosea," alisema taratibu, kama mtu anayejaribu neno la kigeni. Kisha akasema, "Njoo chumbani nikurekebishie. Nyie endeleeni kula."

Chumbani hakuchukua pini. Alimvuta mumewe dirishani penye mwanga, akapindua kiuno cha suruali yake. Palikuwa na mshono mpya, pembeni yake matundu ya mshono uliofumuliwa, na pembeni ya hayo, matundu mengine. Mkono wa mtu kwenye mshono ni sawa na sauti yake, na huu alikuwa ameusikia miaka yote thelathini na tano.

"Umepunguza mwenyewe."

"Ndiyo."

"Mimi nikiwa wapi?"

"Sokoni."

Akaketi kitandani. Mumewe akamweleza yote, kwa sauti ya mtu anayemsomea msaidizi vipimo: tumbo, uvimbe, Jumatatu, aje na mtu wa nyumbani. Alijisikia anasimulia habari za mpangaji wa nyumba ya pili. Mkewe alilia. Yeye akamtazama akilia, akajua kwamba inampasa amshike, na mkono haukuinuka.

"Na ulikuwa unakwenda?"

"Sijui."

"Unajua."

"Nilikuwa siendi."

Hapo machozi yakakatika, ikaja hasira. "Ungenidanganya kwa mdomo, ningekusamehe leo leo," alisema. "Wanaume mna midomo, tumezoea. Wewe umenidanganya kwa sindano. Tunakaa tunatazamana kutwa, umekwenda kunishonea uongo, tena uongo uliopigwa pasi. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wewe ulitaka niumbuke mimi. Nisimame msibani, fundi mzima, nisiyejua kiuno cha mume wangu."

Mzee Chaki alivua koti, akamkabidhi. "Kata tu," alisema. "Kitambaa kimezidi."

"Sikati."

Alichomoa uzi mweupe, akautia kwenye sindano, akamvika koti upya. Akaanza kupiga bandi, mishono mirefu ya haraka, begani, ubavuni, mgongoni, akikunja kitambaa bila kukigusa kwa mkasi.

"Tumia uzi mweusi," Mzee Chaki alisema. "Huo utaonekana."

"Uonekane."

Kila fundi anajua bandi nyeupe kwenye nguo nyeusi ni ya nini: ni ya kushikiza kazi ambayo haijaisha, na itafumuliwa. Hakuna mteja anayetoka nayo dukani. Mzee Chaki aliwahi kumfukuza kazi mtu kwa kosa hilo. Sasa alifunguliwa mlango, akasukumwa sebuleni mbele ya watu wake wote, akiwa na nyuzi nyeupe kuanzia begani hadi pindoni.

Kinyozi aliishusha soda yake. Binti mkubwa, ambaye utoto wake aliulala chini ya meza ya kukatia, akaweka kisu cha keki mezani.

"Mama, mbona bado ni bandi?"

"Muulize baba yako."

Mzee Chaki alitafuta mzaha, maana mizaha alikuwa nayo, na watu hawa wangeupokea kwa mikono miwili. Mkono wa mkewe ulikuwa mgongoni kwake, pale kitambaa kilipokunjwa. Haukumsukuma.

"Mimi ni mgonjwa," alisema. "Jumatatu mama yenu ananipeleka hospitali."

Alipoyasikia maneno hayo kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya watoto wake, aliogopa. Aliogopa kuliko siku zote alizowahi kuishi, akapeleka mkono nyuma akipapasa, akaupata ule wa mkewe, akaushika.