Mjumbe Katika Nyumba ya Eda

Siku ya kisomo cha arobaini Somoe aliamka roho juu, na wala si kwa ajili ya wageni. Wageni walikuwa na watu wao: kuni zilishawashwa nyuma ya nyumba, mchele umeshachaguliwa, turubai limefungwa uwanjani. Roho yake ilikuwa kwa paka. Tena si paka wa kuitwa paka, ni kitoto kisichozidi kiatu cha mtu mzima, kimelala chali juu ya mto wa marehemu mumewe, miguu yote minne hewani, hakina habari kwamba leo ndiyo siku ya hukumu yake.

Maana wifi yake, Bi Sikudhani, alikuwa ameshasema. Alisema jana mbele ya watu, na mwanamke yule akisema jambo mbele ya watu halirudishi.

"Akilia tena, wifi, akalia na kesho katikati ya kisomo cha mdogo wangu, namtia kapuni naondoka naye. Nampeleka Kiswere nikamwache kwenye samaki, ajitafutie na wenzake. Nyumba ya msiba haina michezo."

Somoe aliwajua hao wenzake. Paka wa pale wanaposhushia samaki ni majambazi watupu, masikio yamechanika, na mbwa wao ni wabaya zaidi. Kitoto cha ndani hakimalizi wiki.

Paka huyu aliletwa na Twalib, mume wake, wakati panya walipogeuza gunia la ufuta kuwa hoteli. Alimchukua kwa Romana, jirani Mkristo wa upande wa pili wa ua, ambaye paka wake alikuwa amezaa.

"Baba, chukua wawili," Romana alimwambia. "Mmoja peke yake atawatafuna miguu."

"Wawili watanimalizia dagaa."

"Haya. Lakini mjue ndugu zake mtakuwa nyinyi."

Na ikawa hivyo. Twalib, mtu mzima wa Kiranjeranje mwenye mvi zake, mtu aliyeheshimika msikitini, akawa anapiga viwiko sakafuni na kuburuta gunzi la mahindi lililofungwa kwenye ukindu, huku kitoto kikilivizia kutoka mvunguni. Alimwita Mjumbe, kwa sababu anaingia nyumba ya kila mtu bila hodi. Mungu hakuwajalia watoto, yeye na Somoe, basi vicheko vya nyumba ile vikawa vya Mjumbe. Alasiri, Twalib akirudi kutoka kwenye mikorosho, anamkuta kakaa mlangoni, anamsubiri.

Kisha Twalib akashikwa na homa, na homa ikaondoka naye.

Somoe akaingia eda, na Bi Sikudhani, dada mkubwa wa marehemu, akaja kutoka Kiswere kukaa naye. Mjumbe hakuelezwa chochote. Alipoona hakuna wa kucheza naye aligeuka balaa: akauma vifundo vya miguu vya wanawake waliokuja kutoa pole, akapanda pazia likang'oka, akamwaga uji. Na kila alasiri alikwenda mlangoni akalia, sauti nyembamba inayoingia mpaka kwenye mifupa.

Bi Sikudhani alianza na dini. Siku moja alimgeuza, akamtazama chini ya mkia. "Dume! Mjane wa eda anakaa na dume ndani?" Mwalimu wa madrasa alipoulizwa alicheka mpaka akavua kofia. Bi Sikudhani akashindwa hapo, na tangu siku hiyo akamwekea paka kisasi.

Aliyemwokoa Somoe ni Romana, kupitia dirishani. "Mama, mchezeshe kabla hujamlisha. Kidogo kidogo, mara nyingi. Ukimaliza, lifiche gunzi, asilizoee. Mkono usimpe hata siku moja, maana hana nduguye wa kumfunza kwamba meno yanauma. Na mwekee kigoda hapa dirishani aangalie kuku."

Somoe akafanya yote, kwa siri, maana mjane wa eda akionekana anacheza na paka maneno yatafika Milola kabla ya jioni. Mjumbe akatulia. Mapazia yakapona, na miguu ya wageni pia. Siku moja akaruka kukamata gunzi, akaanguka ndani ya ndoo tupu, na Somoe akacheka. Kicheko cha kwanza tangu mazishi, kilimtoka chenyewe. Alipogeuka, Bi Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni. Aliliokota gunzi na ukindu wake, akalitia jikoni likaungua.

Lakini kilio cha alasiri hakikuwa cha mchezo, na Somoe alilijua hilo. Alitaka kumpa Mjumbe nguo ya Twalib alalie. Nguo hazikuwepo. Bi Sikudhani alizigawa zote kwa ndugu, kama ilivyo desturi.

"Hata ule msuli wa buluu, wifi?"

"Nilimpa fukara msikitini. Nguo za maiti hazikai ndani, zinamzuia mtu asipoe."

Basi asubuhi ya kisomo Somoe alijifungia chumbani, akavuta uzi wa ukindu sakafuni mpaka magoti yakamwasha. Alimchezesha, akamwacha apumue, akamchezesha tena. Halafu akamlisha dagaa mpaka tumbo likawa gumu. Mjumbe akalala. Akamweka kapuni, akamfunika kanga, akaliweka kapu nyuma ya mgongo wake. Lala, mwanangu, alimwomba. Leo tu.

Wanawake wakajaa chumbani, magoti kwa magoti. Bi Sikudhani alikaa karibu na mlango kwa baibui lake jeusi, kama askari. Kisomo kikaanza, kikaenda vizuri, kikakaribia mwisho. Kisha msikitini wakaadhini alasiri.

Kapu likacheza.

Somoe alipeleka mkono nyuma, akauingiza chini ya kanga. Mjumbe akauma. Akamwacha aume. Meno yakazama katikati ya vidole, machozi yakamtoka, na wanawake walio karibu wakampapasa bega, wakidhani analia kwa ajili ya mume wake. Hawakukosea sana. Akaendelea kusoma huku damu ikimtiririka kiganjani. Mara vidole vyake vikashika kanga tupu.

Mjumbe alikuwa ameshatoka. Alikwenda mlangoni moja kwa moja, juu ya mapaja ya watu, mkia juu. Bi Sikudhani alimwona anakuja. Paka akasimama mbele ya mlango uliofungwa, akafungua mdomo, na Somoe akafumba macho.

Hakusikia kitu. Alipofumbua, Mjumbe alikuwa anageuza pua huku na huku. Akaacha mlango. Akamwendea Bi Sikudhani, akampanda mapajani, akajipenyeza chini ya baibui na kuanza kukanyagakanyaga kwa miguu ya mbele, akikoroma kwa raha mpaka msomaji akapoteza aya. Bi Sikudhani alijaribu kumng'oa, na kucha zikavuta baibui likafunguka. Chini yake alikuwa amejifunga msuli wa buluu. Pindo lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweupe. Somoe ndiye aliyeshona, siku uzi wa buluu ulipokwisha.

Bi Sikudhani aliangalia chini, akamwangalia paka, na uso wake mkali ukavunjika.

"Kila akilia pale mlangoni," alisema, "mimi nainuka, wifi. Naapa. Miguu inainuka yenyewe nimfungulie Twalib. Nikifika katikati ndipo nakumbuka. Kila siku! Kila siku nazika upya. Ningefanyaje?"

Somoe aliinuka. Alivuka mapaja yale yale aliyovuka paka, akakaa ubavuni mwa wifi yake, na mkono wake wenye damu akauweka juu ya msuli. Wakalia wote wawili bila kujificha, na paka katikati yao akiendelea kukoroma. Dua ilibidi isubiri.

Kesho yake alasiri Mjumbe alikwenda mlangoni kama kawaida, akalia. Bi Sikudhani aliinuka. Safari hii hakuishia katikati. Alifika, akafungua mlango, akasimama akiutazama uwanja mtupu na paka miguuni pake, mpaka wote wawili walipotosheka. Kisha akarudi, akafungua msuli kiunoni, akaukunja, akautandika juu ya kigoda cha dirishani.

"Mchana ni wake," alisema. "Usiku nalala nao mimi."

"Sawa, wifi."

Bi Sikudhani aliulainisha msuli kwa kiganja.

"Lile gunzi..."

"Ulilichoma."

"Najua nililichoma. Nipe jingine," alisema, na kwa shida ya magoti yake mabovu akaanza kushuka sakafuni.