Upana wa Bakuli la Yongsik

Malsun ndiye aliyeona kwanza kwamba wali umechotwa kwa vidole. Kila jioni mama yake alipakua wali katika bakuli la shaba la Yongsik, mwanawe aliye vitani Vietnam, akalifunika na kulisukumia chini ya blanketi, pale sakafu inapopata joto la jiko. Ndivyo afanyavyo kila mama mwenye mtu safarini. Asubuhi waliukuta wali mzima, wakaula wao. Siku hiyo katikati palikuwa na shimo, na ukingoni tope jekundu. Tope la kijijini kwao ni jeusi.

Malsun alilifuta tope kabla mama hajaliona. Alikuwa na miaka kumi na saba, shule aliiacha darasa la nne, na watu walishazoea kunyamaza kwake.

Jioni iliyofuata mama alifunua mapema, akakuta mkono umechomoza ndani ya wali, unakula.

"Kucha gani hizi!" alisema. "Huko hawana mkasi?"

Akazikata. Mkono ulitulia, kisha ukamshika kidole gumba, ukagoma kuachia. Wakauvuta wote wawili. Ulikuja hadi kwenye kifundo, ukakwama. Mdomo wa bakuli ulikuwa mdogo. Wakahamishia wali kwenye beseni la kuoshea kabichi, wakajaribu tena. Ukaja hadi begani, shati limelowa mvua ya huko.

"Mtungi wa mchuzi wa soya," mama alisema. "Ule mkubwa. Kichwa kitapita."

Walikuwa wanamwaga uani mchuzi wa miaka mitatu, Karani Gu wa ofisi ya kata akaingia. Alichungulia beseni, akavua kofia.

"Hujambo, Yongsik," aliuambia mkono. Kisha akageuka. "Mama Yongsik, humo hapitishwi mtu. Askari akitoka bila amri ya Rais ni mtoro, na mtoro hupigwa risasi. Juzi tu Rais kawaahidi Wamarekani kikosi kingine. Wewe leo umtoe mmoja?"

"Rais mwenyewe ana watoto wangapi huko?"

"Mama, usinitafutie kifungo. Rais anapigana na wakomunisti kwa vijana waliojitolea. Kila nyumba imeridhia." Alitoa karatasi ya ridhaa mkobani. "Muhuri huu wa familia si wenu?"

Ulikuwa muhuri wao. Karatasi ililetwa wakati wa mavuno ya shayiri, Yongsik akiwa kambini, nayo imejaa herufi za Kichina kama karatasi zote za serikali. Mama hakujua kusoma kabisa. Alimuuliza Malsun inasemaje. Malsun aliitazama kwa muda, akasema ni ya mbolea, gonga muhuri tu.

"Wewe ndiye uliyesoma," mama alimwambia sasa.

Malsun aliutazama mchuzi ukizama ardhini.

Mama alituma ombi kwa Rais, mwanawe aruhusiwe kupita. Jibu lilikuja baada ya wiki sita: Rais anaishukuru familia, na anaruhusu bakuli, mradi lisizidi upana wa kiganja. Karani Gu akachukua beseni na mtungi, akapima bakuli kwa rula, akaliacha.

Kisimani majirani waliuliza, "Mkono haujambo?"

"Umekonda," mama alijibu, akateka maji.

Siku moja mama akiwa shambani, Malsun alifunua bakuli. Vidole vilikuwa vimebaki vitatu, na havikugusa wali. Alivishika vikiwa baridi, akainama hadi midomo ikakaribia shaba.

"Kaka," alisema, "ile karatasi sikuisoma. Zile herufi sikuzijua hata moja. Niliona haya."