Kopo la Mheshimiwa

Kopo lilikuwa tupu tena, na mimi bado nilikuwa na viatu vya kazini miguuni. Nililitikisa, nikalichungulia, nikalipindua juu ya kiganja. Zilidondoka chembe za shayiri na vumbi la kijani, basi. Jumapili mchana kutwa nilikuwa nimekuna karoti ili kulijaza, na wiki ilikuwa haijafika hata katikati. Nikamtazama sungura. Alikuwa amejilaza kwenye kitambaa chake chini ya cherehani, anatafuna hewa, hana habari na mtu.

"Shangazi," nikasema, "unataka kumuua huyu mnyama?"

Shangazi alikuwa kitini pake karibu na dirisha, shali mabegani, kikombe cha chai mkononi. Aligeuza uso akatazama uani, nami nikajiambia kwamba jibu nimeshalipata.

Miaka imepita, na nikiikumbuka jioni ile miguu huniuma upya. Siku hizo nilikuwa mpishi katika kantini ya kiwanda cha sabuni. Neno mpishi linapendeza kuliko kazi yenyewe. Nilimenya, nilikata, nilikoroga masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake, kisha nikapakua kwa foleni isiyokwisha ya watu wenye haraka, kila mmoja akinitazama mkono badala ya uso. Ikifika saa ya kutoka nilikuwa hoi, nanuka vitunguu mpaka viwikoni. Faida ilikuwa moja tu: yaliyobaki tuliruhusiwa kuchukua. Basi kila jioni nilirudi na vyombo viwili vya plastiki, cha Shangazi na changu. Chake nilikipasha moto nikamwekea mezani. Changu nilikila nimesimama jikoni, nimeegemea sinki, kwa sababu nilijijua: nikikaa, sinyanyuki.

Shangazi ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, na tangu nikiwa mdogo alikuwa na wimbo wake mmoja, kwamba mtu anakula amekaa. Ng'ombe ndio wanaokula wamesimama, alisema, na hata wao wakishiba hulala chini. Nilimjibu kwamba nitakaa nikistaafu.

Yeye alikuwa fundi wa nguo. Nusu ya watoto wa mtaa ule walivaa sare alizozishona, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Kisha homa ya mapafu ikamwangusha. Alipona, lakini hamu ya kula haikurudi. Kila nilichomwekea alikigusagusa, akakisukuma pembeni, akasema ameshiba. Ameshiba nini, Mungu ndiye ajuaye. Magauni yakaanza kumpwaya. Bangili ambayo zamani haikutoka bila sabuni ikawa inamdondoka yenyewe anaponawa. Muuguzi wa zahanati, mama mmoja mpole asiye na mzaha, aliniita pembeni akaniambia bila kuzungukazunguka: akizidi kupungua atalazwa, atalishwa kwa mpira, na kwa umri wake tusitegemee sana kwamba atarudi nyumbani. Sikuwa na mtu mwingine duniani.

Sungura naye alikuja kipindi hichohicho, kana kwamba vinywa vilinipungukia. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa anahama, na huko alikokwenda hawakutaka wanyama, basi akamwacha kwa Shangazi kwa wiki moja tu. Wiki ile haikuisha. Shangazi alimwita Mheshimiwa, kwa sababu, alisema, anakula, analala, na ukimuuliza swali anakutazama tu. Akacheka mwenyewe mpaka akakohoa. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu augue, kwa hiyo suala la kumrudisha mnyama likafia hapo.

Mwanzoni Mheshimiwa nilimletea vya kantini kama sisi wengine: kabichi ya kuchemsha, maganda ya mkate. Akavimba tumbo. Daktari wa mifugo alinisema mpaka nikaona haya mbele ya watu na mbuzi wao. Huyu asipewe mabaki, asipewe chumvi wala mafuta. Ale nyasi na majani mabichi, na nikitaka kumpa kitu cha kumfurahisha, nikitengeneze mwenyewe kwa mboga mbichi, kimoja kwa siku, kisizidi, maana vitamu vikizidi vitamrudishia tumbo lile lile. Akanielekeza namna ya kufanya. Makubwa haya, nikasema moyoni. Nilishe kiwanda kizima, halafu nirudi nyumbani nimpikie sungura.

Lakini nilimpikia. Jumapili mchana nilikuna karoti na kipande cha tufaha, nikavikamua kwa kitambaa safi mpaka maji yakaisha. Nikakatakata majani ya karoti na giligilani, nikachanganya na shayiri iliyosagwa, nikakanda mpaka donge likashikana. Nililisukuma likawa bapa, nikatoboa vidonge kwa kifuniko cha chupa, nikavipanga kwenye trei na kuvikausha ndani ya oveni kwa moto mdogo, mlango nimeuzuia kwa kijiko cha mti ili mvuke upate pa kutokea. Nyumba nzima ilinukia karoti. Ilibidi vigeuzwe mara kwa mara, kwa hiyo nilivuta kigoda nikakaa mbele ya oveni na kuvingoja. Kuvingoja huko ndiko kulikokuwa mapumziko yangu ya wiki.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anakuta kopo tupu kabla wiki haijafika katikati. Nilijua kilichotokea: Shangazi anamlisha mnyama kwa mkono kutwa nzima, kimoja baada ya kingine, kwa sababu anachoka kukaa peke yake. Nilimkumbusha maneno ya daktari. Nikamwambia kwamba sina nguvu za kubeba sungura mgonjwa juu ya haya mengine yote, na sauti yangu ilipanda kuliko nilivyokusudia. Jumapili iliyofuata nilijaza kopo, nikalipandisha juu ya kabati ambako asingelifikia. Kila asubuhi nilimpa Mheshimiwa kidonge chake kimoja, nikalirudisha juu, nikaenda kazini.

Shangazi aliliangalia kopo likipanda, asiseme neno. Mwanamke aliyekuwa na jibu hata kwa salamu. Jambo hilo lilipaswa kunishtua, lakini nilikuwa nimechoka, nikauchukua ukimya wake kama nafuu.

Mwisho wa mwezi tulikwenda zahanati. Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akamshusha, akampandisha tena. Kisha akaniuliza mimi. Safari iliyopita, alisema, mama huyu alikuwa ameanza kuongezeka, hata yeye akafurahi. Sasa ameshuka kuliko siku zote. Tumebadilisha nini katika chakula? Nikasema hatujabadilisha kitu, anakula kilekile ninachomletea kila siku. Shangazi alikuwa anaizungusha bangili yake, macho chini. Muuguzi alitutazama kwa zamu, akashusha pumzi.

"Mkirudi mwezi ujao na yuko hivi," akasema, "njooni na nguo zake kwenye begi."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, polepole, amenishika kiwiko. Mkono wake ulikuwa mwepesi mno, mara mbili niliuangalia kuhakikisha kwamba bado upo. Nilikuwa nawaza lile begi, na magauni yapi yaingie, na kama huko wanaruhusu shali.

Nilimkalisha kitini pake, nikamwekea chai. Mheshimiwa akatoka chini ya cherehani, akaenda mpaka kwenye kabati, akasimama kwa miguu ya nyuma, pua juu. Nikageuka nimwambie Shangazi amtazame bwana mkubwa anavyodai haki yake. Na Shangazi naye alikuwa anatazama hukohuko, juu ya kabati, kikombe kimesimama hewani. Aliponiona akayaondoa macho haraka.

Ndipo nilipokumbuka vikombe. Wiki nyingi kabla ya hapo nilikuwa naviosha na kukuta vipande vidogo vya rangi ya karoti chini, nikalaumu chujio la chai kwamba limetoboka. Nilikuwa hata nimenunua jingine.

Nilipanda kigoda, nikalishusha kopo, nikalifungua mbele yake. Alisita kidogo. Kisha akachukua kidonge, akakichovya kwenye chai mpaka kikalainika, maana meno aliyobaki nayo hayakuwa ya kutegemewa, akala. Akachukua kingine. Alikula kama mtu mwenye njaa, na mimi nilikuwa sijamwona na njaa kwa muda mrefu. Roho iliniuma na hasira ikanipanda kwa pamoja.

"Shangazi, hiki ni chakula cha sungura. Hakina chumvi, hakina sukari, hakina ladha yoyote. Kwa nini hukuniambia nikupikie?"

"Nikuambie saa ngapi, mwanangu?" Alipangusa mdomo kwa pembe ya shali. "Unaingia hapa umekwisha. Ningekuambia ungepika, na ungepika umenuna. Cha huyu unapika umekaa, unaimba."

"Mimi naimba?"

"Unaimba. Vibaya, lakini unaimba. Nikaona na mimi nile hicho."

Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na maneno tayari: kwamba cha kantini nacho nakipika mimi, kwamba mikono ni hiihii. Nikayaacha, kwa sababu nilijua jinsi ninavyolikoroga lile sufuria na ninachokuwa nakiwaza ninapolikoroga. Nikakaa sakafuni, viatu miguuni, nikalia. Sehemu kubwa ya kilio kile ilikuwa uchovu. Aliniacha nilie mpaka nikaishiwa, mkono wake kichwani kwangu, mkono mwingine ndani ya kopo.

"Tia chumvi basi," akasema mwishowe. "Mimi si sungura."

Nikanyanyuka, nikakuna karoti. Kuanzia siku ile nilitengeneza trei mbili: ya Mheshimiwa kama alivyoagiza daktari, na ya Shangazi yenye chumvi, yai na siagi. Baadaye zikafuata supu ndogondogo, viazi vya kuponda, chochote ambacho angeweza kunisikia nikikipika. Alihamishia kiti chake mlangoni mwa jikoni ili anikosoe kwa karibu. Sikuacha kuchoka. Siku nyingine niliimba kwa kujilazimisha, naye alijua, akala hivyohivyo. Mwezi uliofuata mshale wa mizani ulisogea kidogo, upande tuliouomba, na lile begi halikupata kufungwa. Aliishi miaka mingine minne. Alifariki nyumbani, kitini pake, asubuhi, chai ikiwa bado ya moto.

Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Jumapili ya kwanza nyumba ilipobaki ya sisi wawili, Mheshimiwa, ambaye naye alikuwa amekwisha kuzeeka, alijikokota akaja kulala mbele ya oveni. Nikaenda kukuna karoti. Sikuwa naimba. Mikono ilifanya ilivyozoea, na nilipokuja kuangalia, nilikuwa nimepanga trei mbili, na moja nilikuwa nimeshaitia chumvi.

Mheshimiwa nilimpa chake kimoja. Vile vingine niliviweka kwenye sahani, nikamimina chai, nikaenda navyo mpaka kwenye sinki. Nikasimama pale kidogo. Kisha nikachukua sahani na kikombe, nikaenda kwenye kile kiti cha mlangoni, nikavua viatu, nikakaa. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo. Nilivichovya kimoja kimoja, nikavimaliza.