Cheti cha Ndoo ya Migebuka

Cheti kilitundikwa sebuleni kwao Rusimbi, mjini Kigoma, juu ya televisheni, na kila mgeni alionyeshwa kabla hajapewa maji. "Mwanangu Leonia anatengeneza programu za simu, na ametahiniwa," Mama Winfrida alisema. Mgeni asiyesifu alikunywa chai bila sukari.

Leonia mwenyewe alitazama sakafu. Kutengeneza alijua, ila kujua kwa mtu aliyejifunza kwa kuchungulia. Mtihani hakuufanya yeye. Aliufanya Anatoli, aliyesoma naye, kwa jina la Leonia, na ujira wake ulikuwa ndoo moja ya migebuka mikavu. Samaki waliliwa wakaisha. Cheti kikabaki.

Kwa cheti hicho akina mama waanika dagaa wa Ilagala walimwita. Vichanja vya kuanikia vilikuwa kumi na viwili, wao thelathini na mmoja. Miaka yote mwenyekiti wao, Bibi Klementina, alitunza zamu kwenye trei ya mayai: kila mama na haragwe lake la Kalinzi, la madoa, jekundu au la njano, na kila asubuhi maharage yalisogea; mashimo kumi na mawili ya mbele yalikuwa vichanja, mengine ya kungojea. Trei haikukosea, isipokuwa siku mbuzi alipomla Mama Yusta, naye akakosa kichanja wiki nzima.

Leonia akaziingiza zamu kwenye simu zao. Bibi Klementina alikiangalia cheti alichokuja nacho Leonia, akaugusa muhuri kwa kidole. "Mwenye muhuri habishiwi," akasema. Maharage ya zamu yakapikwa kwa mawese, yakaliwa na ugali wa muhogo.

Miezi miwili mambo yalikwenda. Kisha Leonia akabadilisha programu kidogo, rangi tu, akaituma kwenye simu zote kwa mpigo. Kulipokucha zilifunguka tupu, hakuna jina hata moja. Mitumbwi ilikwishashusha dagaa. Kila mama akadai zamu ni yake, na walipokuwa bado wanavutana vichanja, mvua ikashuka.

Leonia alimpigia Anatoli kabla hajapanda pikipiki.

"Si unaitunza orodha pembeni kwanza," Anatoli alisema, "halafu unajaribu kwenye simu moja. Hukumbuki? Lilikuwa swali la tisa."

"Swali gani?"

"Aa, kweli. Wewe hukuwepo."

Ilagala ilinuka kabla hajaiona.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, fundi wa muhuri. Haya, tueleze. Huko ulikotahiniwa hawakuuliza habari ya majina kupotea?"

Angeweza kusema mtandao. Mtandao husingiziwa kila kitu na haujawahi kujitetea. Neno lilikwishafika kwenye ulimi. Lakini Mama Yusta alikuwa amechuchumaa, anachambua dagaa waliolowa, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta sindano, na hakuinua hata uso.

"Waliuliza, Bibi," Leonia akasema. "Ila aliyejibu si mimi. Nilimpa mtu ndoo ya migebuka akanifanyia."

Bibi Klementina akamtazama kuanzia viatu.

"Ndoo nzima?"

"Nzima."

"Mikavu?"

"Mikavu."

"Uuh! Mwanamke wa Kigoma unapunjwa samaki!"

Wakacheka wote, hata Mama Yusta, na Leonia akaona afadhali wangempiga. Kofi lina mwisho wake.

"Mtihani nitaufanya mwenyewe," alisema.

"Utaufanya. Na ukishindwa utarudia, tutakungoja." Bibi akaitoa trei chini ya turubai. "Mpaka hapo, kila asubuhi wewe ndiye wa kusogeza. Maharage tumeyala, kwa hiyo panda hiyo pikipiki uende Kalinzi. Thelathini na moja, na yasifanane."

Jioni alifika nyumbani, kifuko cha maharage mkononi, akamkuta mama yake anamwonyesha mgeni ukuta. Akapanda kiti, akakitungua cheti. Nyuma yake rangi ilikuwa mpya bado.

"Unakipeleka wapi?" Mama Winfrida akauliza.

"Si changu, mama. Mtihani sikuufanya mimi."

Mama akaketi, akaivuta birika. Mgeni wa siku hiyo alitiliwa sukari vijiko vitatu, na hakusifu kitu.