Mikono Tisa Darajani

Alhamisi tarehe 17 Agosti 2023 mke wangu Kokuberwa alibanwa na pumu, na daraja lilikuwa limefungwa kwa utepe. Hayo mawili ndiyo yaliyomuua. Wakubwa wanasema ni pumu tu. Utepe hawautaji.

Kijiji chetu kiko Kyerwa. Jina lake sitalitaja kwa sababu bado naishi humo. Zahanati iko ng'ambo ya mto, na miaka yote tulivuka kwa magogo matatu. Wakubwa wakajenga daraja la zege, likaisha mwezi wa saba, wakatuambia tusilikanyage mpaka mgeni rasmi aje kulizindua. Tukatii. Halafu siku mbili kabla ya mgeni wakayang'oa yale magogo, eti yangeharibu sura ya daraja kwenye picha. Siku mbili tukakaa na daraja zima lisilovukwa. Mtu wa mbali atasema hao watu ni wajinga. Si ujinga. Kwetu, pombe ya rubisi ya mahari haionjwi kabla wakwe hawajafika, hata kama kiu inakuua. Utepe nao tuliuchukulia hivyo hivyo.

Mgeni alitegemewa saa nne, akafika saa tisa. Mimi nilikuwa ng'ambo tangu alfajiri napanga viti, maana mtendaji wa kijiji, Projest, aliagiza kila kaya itoe mtu. Sisi wa viti tulipitishwa mapema chini ya utepe, tumeinama kama mbuzi. Baada yetu hakuna aliyeruhusiwa tena.

Nilirudi nyumbani saa kumi na moja na nusu jioni. Nikamkuta Kokuberwa kitandani, amelala chali, shuka limevutwa hadi kidevuni, mwili umeshapoa. Ndala zake zilikuwa mlangoni, zimepangwa sawasawa.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini mke wangu nilimsoma miaka ishirini na sita. Akibanwa, Kokuberwa hakulala chali hata siku moja. Alikaa kitako, mgongo ukutani, akiitafuta pumzi kama mtu anayevuta kamba kisimani. Na ndala alizitupa tu, moja huku, moja kule. Aliyemlaza hakumjua. Tena pindo la gauni lake lilikuwa na vumbi la saruji, na saruji katika kijiji chetu ilikuwa sehemu moja tu.

Na kikapu hakikuwepo.

Kokuberwa alikuwa msusi wa vikapu. Kila alichosuka alikiachia uzi mmoja mweusi ukingoni, haukatwi, haufichwi, urefu wa ukucha. Mama yake alimfundisha kwamba kikapu ukikimaliza kabisa kinasahau njia ya nyumbani. Chake mwenyewe, alichotembea nacho na daftari lake la kliniki, ndicho kilichopotea siku ile.

Nilimwambia Projest kwamba mke wangu alifika darajani, akazuiwa. Akasema mbele ya kikao kwamba watu walikuwa zaidi ya mia mbili na hakuna aliyemwona. Wakaandika: amefia nyumbani. Waliposoma, watu walitazama chini. Mmoja mmoja wakaniambia mzee Byabato, pole, majonzi yanakuonesha vitu. Nikazunguka masoko, Nkwenda mpaka Omurushaka, natazama kingo za vikapu vya watu. Wauzaji wakanizoea. Wengine walinificha watoto wao.

Februari hii nilikwenda Songambele kuchaji simu kwa Rukia. Huyu Rukia ana duka la sabuni, chumvi na chaji, babu yake alitoka Tanga, na Kiswahili chake kinateleza kuliko chetu. Nilimkuta anagonga simu kwa vidole viwili kama anayechambua maharage.

"Shikamoo, baba," akasema bila kuinua uso. "Njoo nikuoneshe watu wazima walivyopoteza akili."

Ulikuwa mchezo wa muziki. Unaitwa Chuma Buni, umetengenezwa na vijana fulani wa Mwanza. Buni zinadondoka kutoka juu ya kioo, ngoma inapigwa, nawe unazichuma kwa kidole pale pale mdundo unapoanguka. Ukikosea, buni inaoza. Nyuma ya kila wimbo kuna picha iliyochorwa, shamba, soko, harusi. Rukia alisema wapenzi wa mchezo huo wamefungua kundi la simu, na siku hizi hawachezi tena, wanapekua picha. Mmoja aligundua kwamba vichane vya ndizi katika kila picha vinalingana na idadi ya ngoma kwenye wimbo. Mwingine akagundua kwamba katika kila picha amefichwa yangeyange mmoja, yule ndege mweupe: mgongoni mwa ng'ombe, juu ya bati, mara moja ndani ya kikombe cha chai, kivuli tu.

Picha ya kumi iliwatesa wiki tatu. Hawakumwona yangeyange. Kisha mtu wa Dodoma akaandika kwamba yupo, chini kushoto, nyuma ya migomba iliyosimikwa kama pambo, kile kitu cheupe. Wakavuta picha ikawa kubwa. Hakuwa ndege. Kilikuwa kitambaa cha kichwani cha mwanamke aliyeketi chini.

Rukia akanigeuzia simu. Lilikuwa daraja letu.

 Yeye akaendelea kunisomea wanavyoandika, kwa furaha tu, hana habari. Huyu kasema mama huyo anaumwa, tazama mabega yalivyopanda. Huyu kasema kikapu chake kina kosa, mchoraji amesahau kumalizia ukingo, kuna uzi mweusi umebaki nje. Huyu mwingine, mfugaji bila shaka, kasema utepe haukufungwa fundo la sherehe, lile ni fundo la kufungia ndama.

Rukia akacheka. "Aliyefunga utepe huu alidhani mgeni rasmi atatoroka."

"Ni mimi," nikamwambia.

"Wewe nini, baba?"

"Niliyefunga. Projest alisema nifunge sawasawa, upepo usiuchukue. Na huyo ni Kokuberwa."

Akaweka simu juu ya mizani ya sukari, taratibu. Mteja aliyeingia kutaka kiberiti akaambiwa arudi baadaye. Nikamsimulia yote. Alipomaliza kunisikiliza hakunipa pole. Alichukua simu akatafuta maandishi fulani, akasema kuna jambo moja hakutaka kunisomea, lakini afadhali nilijue kwake kuliko kwa mtu mwingine. Msichana wa Sumbawanga alikuwa amehesabu. Upande ule wa daraja, aliandika, kuna watu wanne na mikono tisa.

Tukahesabu wenyewe, kwa ncha ya sindano ya kushonea. Watu wanne. Mikono minane ina wenyewe. Wa tisa ulikuwa begani kwa mke wangu, vidole vinne vinaonekana, gumba limejificha nyuma, na baada ya kiwiko hapana kitu, migomba tu.

Sikuwahi kuwaza mkono. Kwa mwaka mmoja na nusu nilipigania kitu kimoja, wakiri kwamba alifika pale. Sasa nikaona kwamba alifika, na kwamba kuna aliyemgusa. Kokuberwa hakurudi nyumbani kwa miguu yake. Kilima chetu humchosha hata mzima.

Rukia akaandika kwenye lile kundi kuuliza mchoraji ni nani. Jibu likaja kabla sijamaliza soda aliyonipa: anaitwa Dusabe, ana kibanda cha kuchora mabango Kayanga. Jumamosi nikapanda bodaboda nikaenda huko Kayanga, Karagwe.

Ni kijana mrefu mwenye rangi kwenye kucha zote. Alinipa shikamoo, akanipa kigoda, na nilipotaja daraja akaacha brashi ndani ya kopo. Alikumbuka. Siku ile alikodiwa kupiga picha za uzinduzi. Jioni watu wa ofisi waliichukua kadi ya kamera, wakasema watazihifadhi wao, na hadi leo hajaziona. Vijana wa Mwanza walipomwomba achore picha za kwetu, akaichora ile kwa kumbukumbu, kwa sababu haikumtoka.

"Nilikuwa ng'ambo," akasema. "Kamera yangu inavuta. Nilimwona ameketi kwenye majani, kikapu mapajani, nikaona ule uzi mweusi unapepea. Nikapiga. Nilipotoa jicho, hayupo."

"Alikuwa na nani?"

"Sikuona mtu, mzee."

"Alikuwa analia?"

"Alikuwa anasema kitu. Ngoma zilikuwa zinapigwa, hatukusikia upande ule."

 Nje mtu alikuwa anabishana na kinyozi kuhusu ndevu. Kulikuwa na swali moja nililokuwa nalihofia tangu Songambele, na nilijua nisipoliuliza nitarudi Kayanga kesho yake kuliuliza.

"Alikuwa anatazama wapi?"

Dusabe akafuta mikono kwenye suruali, ingawa rangi ilishakauka.

"Kwenye viti," akasema.

Hatua arobaini. Nimezipima baadaye. Kutoka migomba ile hadi kiti cha mstari wa mbele ni hatua arobaini, na mimi nilikuwa nimeupa mgongo upande ule, nafuta vumbi kwenye kiti cha mtu aliyechelewa kwa saa tano.

Pale kibandani nikamuuliza ule mkono alichora wa nani. Akanitazama kama hakuelewa. Nikamwonesha kwenye simu. Akaisogeza karibu na macho, akaivuta. Kisha akatoa kompyuta yake chini ya meza, akafungua picha aliyoichora mwenyewe kabla ya kuituma Mwanza. Mwanamke alikuwepo. Kitambaa, kikapu, uzi, fundo langu la ndama. Bega lilikuwa tupu.

"Mkono sikuchora mimi, mzee," akasema. "Naapa kwa mama yangu."

Akapiga simu Mwanza hapo hapo, nikisikia. Wakasema waliiweka kama ilivyokuja. Akauliza tena kwa ukali. Wakamjibu kwamba wao wako watatu, na hakuna kati yao aliyewahi hata kufika Kyerwa, wataongezaje mkono wa mtu wasiyemjua?

Jumatatu nikaenda kwa Projest. Rukia alinichapishia picha ile kwenye karatasi kubwa. Projest alicheka kwanza. Akasema mzee, umekosa la kufanya kwenye kibanja chako, sasa unaniletea michezo ya watoto iwe ushahidi. Alikuwa na watu wawili ofisini, nao wakacheka kidogo, kama mtu anavyocheka mkubwa akicheka.

 Nikaitandaza karatasi mezani, nikaweka kidole kwenye kitambaa cheupe, nikakishusha polepole hadi begani.

Projest aliinama kutazama. Kicheko kikaisha. Kisha akafanya jambo moja dogo, ambalo wale wawili hawakuliona kwa sababu walikuwa wanatazama picha. Aliiondoa mikono yake mezani akaiweka mapajani.

 Akasema ofisi inafungwa. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Msinielewe vibaya. Simshtaki kwa hilo. Tangu siku ile nimeonesha picha hiyo watu wengi, na kila ninayemwonesha huficha mikono. Mchungaji aliiingiza kwenye mikono ya joho. Wanawake wa kwaya waliifunga kwa khanga. Majirani zangu, ambao tumechuma nao kahawa miaka yote, waliirudisha mgongoni kama watoto wa shule. Nyumbani nilijikuta nimeikalia na mimi ya kwangu.

Rukia anasema wapenzi wa mchezo bado wanaipekua picha ya kumi. Yangeyange wake hajapatikana. Wiki iliyopita mtu aliandika kwamba vidole begani sasa ni vitano, gumba limeanza kuonekana. Sijaenda kutazama. Simu yangu naichaji Mabira siku hizi.

Daraja watu wanalivuka kutwa, wanasema limetusaidia sana, wakubwa wamefanya kazi. Nami nalivuka. Nikifika pale palipokuwa na migomba nageukia upande wa viti, hata kama hapana kiti.

Lakini kuna mtu aliyemnyanyua mke wangu kwenye majani yale. Alimpandisha kilima chote, amekufa au bado anapumua, sijui. Akamlaza chali kwa sababu hakujua, akamvutia shuka, akapanga ndala zake mlangoni kwa heshima, akaondoka na kikapu, akarudi darajani kupiga makofi. Tupo mia mbili na zaidi, na tunasalimiana kwa mikono kila siku.

Ni nani?