Pini ya Ubavuni

Asubuhi na jioni Lea alikuwa na kazi ambayo hakuna mwanamke mwingine pale kijijini Suji aliyeitamani: kumwosha mumewe tundu la ubavuni. Maji yachemke na chumvi kidogo, yapoe, kitambaa nacho kichemshwe. Kisha Aminiel avue shati, ainue mkono wa kuume, na hapo chini ya kwapa, mahali daktari alipokata kipande cha ubavu na kukitupa kwenye beseni, palitokeza mpira mwekundu, mnene kama kidole. Usaha ulipita humo. Na kwenye mdomo wa mpira ilichomwa pini kubwa ya hospitali, imekingama, ili mpira usije ukazama kifuani.

"Pini hii ndiyo mlinzi wa mlango," Nathanaeli, dresa wa wodi, yule mfunga vidonda, alimwambia siku walipopewa ruhusa ya kurudi nyumbani, kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda. "Usiitoe, mama, hata akikulilia. Mpira tutaupunguza sisi wenyewe, kidogo kidogo kila mwezi, mpaka pafu lijae. Tundu lipone kuanzia ndani. Likijifunga nje kwanza, usaha utabaki umefungiwa humo, na hapo usinitafute mimi, tafuta sepetu."

Akamweleza tena, polepole, kwamba huu si ule ugonjwa wa kifua unaoambukiza. Ilikuwa nimonia iliyoachwa ikaoza. Amlaze ubavu wa kuume, ule wenye mpira, ili uchafu utoke. Lea alimwamini. Lakini dresa haishi Suji. Suji walijua jambo moja tu, kwamba Aminiel alishushwa mlimani hadi stesheni ya Makanya kwa machela akitapika damu (hakutapika damu, lakini habari za watu haziendi bila kutiwa chumvi), akapandishwa treni, akarudi ananuka. Na kweli alinuka. Kanisani siku ya Sabato benchi lao lilikuwa na nafasi ya kutosha pande zote, na waliokaa mbali kuliko wote ndio waliosali kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ulikuwa mwaka ule picha za Malkia mpya wa Waingereza zilipogawiwa mashuleni. Ruthi, binti yao wa pekee, alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Posa moja ilikwisha kurudi nyuma siku ileile baba yake aliposhushwa mlimani. Sasa ikaja ya pili, ya kijana aitwaye Eliufoo wa ng'ambo ya bonde, mtoto wa mjane mmoja, Kaanaeli. Upareni watu hawaoani bila kuichungulia nyumba. Huulizwa: kuna kifafa humo? Kuna ukoma? Kuna kikohozi?

Simeoni, kaka yake Aminiel, akaja akasimama mlangoni. Kuingia hakuingia.

"Shemeji, wanakuja Jumapili. Mama mtu anakuja mwenyewe. Akikanyaga humu na pua yake, Ruthi atazeekea jikoni kwako."

"Dresa alisema pini isitolewe," Lea akasema.

"Dresa ana binti wa kuoza?"

Lea akamtazama mumewe. Aminiel alikuwa mtu wa mzaha, na ugonjwa ulimpunguzia nyama tu, mzaha ulibaki. "Kwa saa mbili tu, Mama Ruthi," akasema. "Mimi nimeuvumilia mpira huu miezi mitatu. Wenyewe hauwezi kunivumilia hata saa mbili?"

Basi Jumapili asubuhi Lea akaitoa ile pini kwa mkono wake. Tuseme ukweli, hakuna aliyemshika mkono. Simeoni akaukata mpira kwa kisu kidogo, usawa wa ngozi, ili usivimbishe koti. Wakaziba kwa pamba, wakafunga bendeji, wakampaka mafuta ya nazi yenye manukato ya dukani Same, na juu yake koti alilofungia ndoa. Alipendeza. Lea aliichomeka pini kwenye kanga yake mwenyewe, kifuani, asije akaipoteza.

Kaanaeli aliingia na wazee wawili. Alikuwa mama mnene wa macho makali, bega moja limeinama kuliko jingine kama la mtu aliyezoea kubeba mtungi upande mmoja. Akaketi, kikapu mapajani. Salamu zilipokwisha, hakumuuliza mtu habari za mashamba wala za mvua. Alimtazama Aminiel moja kwa moja.

"Baba, unalala ubavu upi?"

Huyu ndiye mchunguzi mwenyewe, Lea akawaza. Wengine huuliza ukoo, huyu anauliza kitanda.

"Mbavu zote mbili, mama," akajibu haraka kabla mumewe hajafungua mdomo. "Hugeuka kama mtoto."

"Nilisikia alipelekwa hospitali."

"Macho," Simeoni akadakia. "Yalimsumbua macho."

Kaanaeli akawatazama mmoja mmoja. Mkono wake ulikuwa umeingia kikapuni na kushika kifurushi cha kitambaa cheupe. Akakiachia. "Basi walioniambia wamekosea," akasema, na kwa jinsi alivyosema mtu angedhani amenyimwa kitu. Lea aliona ni chuki ya mtu aliyekosa kasoro, akafurahi moyoni. Furaha hiyo ndiyo iliyomtesa baadaye kuliko mengine yote.

Makande yakaliwa. Mzee mmoja akasimulia habari za beberu wake aliyeingia kanisani wakati wa mahubiri, Aminiel akacheka, akavuta pumzi kubwa ili acheke tena. Akakatika katikati. Mkono ukaenda ubavuni, ukatulia hapo. Akaendelea kutabasamu mpaka wageni walipokubali mahari, wakakubali siku, wakaaga, wakavuka mfereji na kupotea migombani.

Lea alipofungua bendeji, pamba ilikuwepo. Tundu lilikuwepo. Mpira haukuwepo.

Aliingiza kidole. Aliinusa bendeji, akaikung'uta, akatazama chini ya kitanda kama mtu anayetafuta sindano. "Umezama," Aminiel akasema. "Niliusikia ukizama."

"Twende Makanya kesho."

"Kwa machela? Suji nzima itazame? Harusi ni baada ya wiki tatu. Nikishaozesha, nibebeni mnipeleke hata Ulaya."

Simeoni akasema wiki tatu si umri. Lea akalia, akabisha, mwishowe akakubali. Tangu hapo tundu halikuwa na cha kulizuia. Likaanza kujifunga. Siku ya nane lilikuwa dogo kama punje ya kunde, siku ya kumi na mbili likabaki kovu la waridi, kavu, safi. Harufu ikaisha. Kanisani watu wakarudi kwenye benchi. Wanawake walewale waliokuwa wakiziba pua kwa kanga wakaja kumpongeza. "Lea, una mkono," wakasema. "Una mkono wa kuponya." Mmoja akamletea mtoto wake mwenye kidonda cha mguu amwoshee, na Lea akakiosha, kwa maji ya chumvi, huku machozi yanamdondoka, na yule mama akadhani ni huruma.

Kwa sababu usiku yeye alikuwa akiweka kiganja ubavuni mwa mumewe, akisikia joto linavyopanda. Wiki ya tatu Aminiel hakuweza kulala chini kabisa. Alikaa ameegemea ukuta, anahema kifupikifupi, midomo imekauka. Na bado akifika mgeni alivaa koti.

Siku ya harusi alikaa kwenye kiti uani, blanketi magotini, jasho linamtiririka shingoni katika ukungu uliowafanya wengine watetemeke. Alimshika Ruthi mkono, akambariki kwa maneno machache kwa kuwa pumzi hazikutosha mengi. Ruthi alipoinuka, nguo aliyojitanda ikamteleza begani. Lea akachomoa pini kifuani pake, ile iliyokaa hapo wiki tatu, akambania binti yake. Hakufikiri. Nguo ilikuwa inateleza.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu wakasema wampumzishe kwanza. Jumanne alfajiri Aminiel akasema, "Mama Ruthi, nilaze," na Lea akamlaza, na hakuamka tena.

Kilio kilikuwa hakijafika hata nyumba ya tatu pale Kaanaeli alipotokea njiani, anahema, bega lake limeshuka zaidi, nyuma yake vijana wanne na machela mpya. Alisikia sauti za wanawake akasimama. Kisha akaja taratibu, akaingia ndani, akawaomba waliokuwemo wampishe. Alikaa sakafuni mbele ya Lea. Akafungua kiganja. Pini ilikuwa humo.

"Jana jioni nilikuwa nakunja nguo za harusi za Ruthi, nikaikuta hii," akasema. "Nikamuuliza imetoka wapi. Ruthi hajui kudanganya. Hakujifunza kwenu."

Kaanaeli akafungua vifungo vya gauni, akauchukua mkono wa Lea, akauweka chini ya kwapa lake. Palikuwa na shimo la kovu, refu, laini, lililojaa nyama imara.

"Miezi saba," akasema. "Nilikuwa msichana. Nilinuka mpaka mbwa wakanikimbia. Aliyenioa alinioa mpira ukiwa ubavuni. Niliposikia baba yake Ruthi ana mpira, nilimwambia Eliufoo, hao ndio watu wetu, hao hawatanicheka. Nilikuletea vitambaa vyangu nilivyovitunza. Vilikuwa kikapuni."

Nje walisikia sauti ya Simeoni akiwaeleza majirani kwamba marehemu alikuwa mzima kabisa, ni homa tu, imempiga ghafla. Mtu akajibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali haijawahi kumshinda mtu ambaye maiti si yake.

Kijana mmoja akachungulia mlangoni, akauliza machela waifanye nini.

"Iacheni," Kaanaeli akasema bila kugeuka. "Itamfikisha kaburini." Kisha akamwinamia Lea, wala sauti yake haikuwa ya huruma. "Mimi nilikuuliza, mama. Nilikuuliza mbele ya watu wote, analala ubavu upi."

Lea aliinua uso. Mkono wake ulikuwa bado pale juu ya kovu, kwenye ubavu wa mtu aliyepona.

"Wa kuume," akasema. "Alikuwa akilala ubavu wa kuume."